Manjano ya Kichanga na Ubongo: Maswali ya Wazazi Kuhusu Madhara ya Baadaye

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara wodini, kliniki na kwenye vyumba vya mazoezi ya viungo. Yanaanza na ya msingi na kuishia na hali zisizo za kawaida. Kama mtoto wako ni mchanga na ana manjano leo hii, ruka uende moja kwa moja kwenye swali la dalili za hatari.

## Mambo ya msingi

Manjano ni nini, na mbona vichanga wengi wanayapata?

Chembe nyekundu za damu zikichakaa huvunjwa, na katika kuvunjwa huko hutoka rangi ya njano iitwayo bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, rangi hiyo hupita kwenye kondo la nyuma na ini la mama ndilo linaloiondoa. Akishazaliwa, kazi inabaki kwa ini lake mwenyewe, ambalo siku za mwanzo bado halijakomaa. Na kichanga ana chembe nyekundu nyingi kuliko mtu mzima, tena zinazoishi muda mfupi zaidi. Rangi inarundikana, macho na ngozi vinageuka njano.

Takriban vichanga 60 katika kila 100 waliotimiza miezi huonyesha manjano wiki ya kwanza. Kwa njiti ni kama 80. Kwa mtoto aliyetimiza miezi huanza siku ya 2 au ya 3, hufika kileleni kati ya siku ya 3 na ya 5, kisha hupungua na kwisha ndani ya wiki 2. Haya hayahusiani kabisa na homa ya manjano inayoenezwa na mbu.

Kama ni jambo la kawaida hivyo, ubongo unaingiaje?

Bilirubini husafiri kwenye damu ikiwa imeshikwa na protini iitwayo albumini. Ikiwa imeshikwa, haipenyi kwenye ubongo. Ikizidi uwezo wa albumini, ile inayobaki huru hupenya, na huko ni sumu kwa seli.

Haiharibu ubongo wote kwa usawa. Ina sehemu zake: viini vya ndani vinavyoratibu miondoko ya mwili, vituo vya kusikia kwenye shina la ubongo, vituo vya kusogeza macho, na sehemu ya ubongo mdogo wa nyuma. Tabaka la juu, ambako mtu hufikiri na kuelewa, mara nyingi huachwa salama au huguswa kidogo. Jina la kitaalamu la madhara hayo ya kudumu ni kernikterasi. Lilianza kutumiwa na daktari wa Kijerumani, Christian Georg Schmorl, mwanzoni mwa karne ya 20, alipokuta viini vya ubongo vya vichanga waliofariki vimegeuka njano.

Basi kila aliyekuwa na manjano yuko hatarini?

Hapana. Walio wengi hawapati dhara lolote, hata waliowekwa kwenye taa za bluu za kutibu manjano. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2006 ulifuatilia watoto 140 wa kaskazini mwa California waliozaliwa wakiwa wametimiza miezi au karibu, na ambao bilirubini yao ilifika miligramu 25 au zaidi kwa desilita, kiwango cha kutisha. Walitibiwa kwa taa au kwa kubadilishwa damu, na walipopimwa miaka kadhaa baadaye, kwa jumla hawakutofautiana na wenzao. Angalia neno *walitibiwa*. Watoto wanaopata kernikterasi mara nyingi ni wale waliofika kiwango hicho wakiwa nyumbani, au waliokaa nacho muda mrefu.

Kiwango gani ndicho hatari?

Hakuna namba moja kwa watoto wote. Hutegemea umri wa mtoto, tena kwa saa, kama ametimiza miezi, na kama ana maambukizi au damu yake inavunjwa kwa kasi. Kwa kukupa picha: kitabu cha mfukoni cha Shirika la Afya Duniani kwa madaktari kinasema mtoto mwenye afya aliyetimiza miezi, akiwa na siku 4 au zaidi, aanze taa akifika miligramu 20 kwa desilita, na afikiriwe kubadilishwa damu akifika 25. Maabara nyingine huandika kwa mikromoli kwa lita; zidisha miligramu kwa 17 upate namba yao, hivyo 20 ni kama 340.

Jambo moja halina mjadala: manjano yanayoonekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida, hata yakiwa hafifu. Mtoto apimwe siku hiyo hiyo.

## Siku za mwanzo

Ngozi ya mwanangu ni nyeusi. Nitayaonaje?

Usitegemee ngozi peke yake. Mpeleke kwenye mwanga wa mchana, si chini ya balbu, ufungue macho yake taratibu utazame weupe wa jicho. Kisha tazama fizi. Kisha bonyeza kwa kidole ncha ya pua au paji la uso, uachie, utazame rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Viganja na nyayo zikiwa njano, manjano yamekwenda mbali. Hapo usisubiri kupambazuke.

Kinachowachelewesha watu ni mazoea mawili. La kwanza: watoto wetu wengi huzaliwa weupe, kwa hiyo mtoto wa njano husifiwa kwamba kachukua rangi ya bibi yake. La pili ni arobaini. Pwani hasa, mama na mtoto hukaa ndani, mapazia yameshushwa, na siku ya 4 na ya 5, ambazo ndizo za kuangaliwa, hupita gizani. Arobaini haina ubaya wowote. Fungua tu pazia mara mbili kwa siku.

Hata jicho la muuguzi mzoefu hukosea kukadiria kiwango. Macho yanakuambia *nenda kapime*. Damu ndiyo inayosema ni ngapi.

Dalili gani zinaonyesha ubongo umeanza kuguswa?

Hatua ya kwanza ni ya kimya, ndiyo maana inapita. Mtoto analala mno, ananyonya kivivu au anaachia titi baada ya mafunda mawili, na ukimwinua viungo vinalegea. Wageni watasema huyu mtoto mpole, hasumbui. Kichanga wa njano asiyesumbua apelekwe hospitali.

Hatua ya pili mambo hugeuka: kilio chembamba na kikali, mwili unakakamaa, kichwa na mgongo vinajipinda kwenda nyuma kama upinde, na homa inaweza kupanda. Baada ya hapo huja degedege, kusita kupumua na kupoteza fahamu.

Tofauti ya hatua hizi ni ya maana sana. Akiwahiwa katika ya kwanza, mara nyingi ubongo hurudi salama. Katika ya pili bado ipo nafasi, na ndiyo maana madaktari hukimbilia kubadilisha damu hata kabla majibu yote hayajatoka. Hizi zote ni habari za saa, si siku.

Mama mkwe anasema nimuoteshe jua la asubuhi. Linatosha?

Halitoshi, ingawa asili ya imani hiyo si upuuzi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa vichanga bustanini wapate jua. Aliwaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye manjano yalikuwa yamemtoka mwili mzima isipokuwa kipande kimoja kilichobaki cha njano: mahali palipokuwa pamefunikwa na shuka. Kutokana na hapo zikatengenezwa taa, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1958.

Kinachofanya kazi ni mwanga wa bluu. Jua linao, lakini linakuja pia na miale inayounguza na joto lisilopimika. Na jua la saa moja asubuhi, mtoto akiwa amefungwa kitenge uso tu ndio unaoonekana, halishushi chochote cha maana. Jijini Lagos, Nigeria, watafiti walionyesha mwaka 2015 kwamba jua linaweza kutibu karibu sawa na taa, lakini walitumia vibanda vyenye karatasi maalumu za kuchuja miale, watoto wakiwa uchi, kwa saa nyingi, wakipimwa joto la mwili na damu muda wote. Hicho si kibaraza cha nyumbani.

Hasara kubwa ya jua ni muda. Familia inaotesha siku ya 3, ya 4, ya 5, inafika hospitali siku ya 6 na mtoto amekwisha kujipinda.

Nimpe maji ya glukosi, au niache kunyonyesha kidogo?

Hapana kwa yote mawili. Bilirubini hutoka kwa choo, na choo hutokana na maziwa. Mtoto asiyeshiba hunyonya upya rangi ile ile kupitia utumbo. Maji ya glukosi humjaza tumbo bila kuiondoa. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, na akilala mno mwamshe. Akishindwa kunyonya, kamua umnyweshe kwa kikombe, huku ukiwa njiani kwenda hospitali.

Taa zenyewe haziharibu ubongo au macho?

Macho hufunikwa ili yasiumizwe na mwanga, ubongo haudhuriwi. Mtoto anaweza kuharisha kidogo au kutoka vipele, vinaisha.

Cha kuangalia ni kama taa inatibu kweli. Mirija huchoka nguvu kabla ya kuzimika, hivyo taa inaweza kuwaka bluu nzuri na isifanye kazi. Ni haki yako kumuuliza muuguzi kwa upole kama zimepimwa nguvu au zilibadilishwa lini. Na usimfunike. Bibi akija kutembelea huona mjukuu yuko uchi, humwonea huruma akamtandazia kanga. Kuanzia hapo inayotibiwa ni kanga. Nepi tu na kitambaa cha macho, atolewe kwa kunyonya, arudishwe.

Akiwa kwenye taa, rangi ya ngozi haisemi tena ukweli. Damu ndiyo ya kufuata, pamoja na kipimo kingine baada ya kuzimwa taa kwa watoto ambao damu yao inavunjwa kwa kasi.

## Miezi na miaka inayofuata

Kernikterasi inaonekanaje mtoto anapokua?

Mwaka wa kwanza mara nyingi ni ulegevu: shingo haikazi kwa wakati, kukaa kunachelewa, kunyonya na kumeza ni kazi. Baadaye, mara nyingi baada ya mwaka na nusu, ndipo sura halisi ya mtindio huu wa ubongo hujitokeza. Mkono unaonyooshwa kushika kikombe unapinda, vidole vinatanuka, kichwa kinageukia upande mwingine, na kadiri mtoto anavyotaka kile kikombe ndivyo mwili unavyozidi kukataa. Akilala usingizi, miondoko hiyo hutulia.

Mambo mengine matatu huandamana nayo: shida ya kusikia, macho kushindwa kutazama juu bila kuinua kichwa, na meno ya utotoni yenye tabaka la nje dhaifu au rangi ya kijani. Si kila mtoto hupata yote. Wapo wenye shida ya kusikia tu huku wakitembea vizuri, na hao ndio wanaosahaulika.

Alifaulu kipimo cha kusikia hospitalini. Mbona haitikii jina lake?

Swali hili lipewe uzito wake. Kipimo kinachotumika sana kwa vichanga ni kile cha kuweka kijiti sikioni na kusikiliza mwangwi wa sikio la ndani. Kinapima sikio. Bilirubini, hata hivyo, huharibu njia iliyo *baada* ya sikio: neva na vituo vya shina la ubongo. Mtoto anaweza kufaulu kipimo hicho na bado akawa anasikia sauti bila kuzipambanua maneno. Siku moja anageuka mlango ukigongwa, siku nyingine unamwita haitikii, na watu wanamwita mkaidi.

Omba kipimo kinachoitwa ABR, kinachosoma mawimbi ya neva kwa vibandiko vya kichwani. Kila mtoto aliyefikia kubadilishwa damu, au aliyeonyesha dalili zilizotajwa hapo juu, anakihitaji ndani ya miezi michache ya kwanza, hata kama anaonekana mzima. Vifaa vya kawaida vya kusikilizia huwafaa baadhi tu. Wengine hunufaika na kifaa kinachopandikizwa sikio la ndani, na Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikifanya upasuaji huo tangu 2017. Lugha ya alama ianze mapema bila kusubiri uamuzi wa upasuaji. Haimzuii mtoto kuongea.

Akili yake je?

Mara nyingi ipo, na mara nyingi ni nzuri. Mtoto asiyeongea, anayetokwa udende na ambaye mikono haimtii huchukuliwa kuwa haelewi kitu. Ukimpima kwa kazi za mikono na maneno, atashindwa. Umepima mikono na maneno. Mpe maswali ya kujibu kwa macho: picha mbili, mbuzi na kuku, muulize kuku yuko wapi, usubiri. Subiri kweli, maana mwili wake unahitaji muda kutulia kabla jicho halijafika.

Kumpeleka shule ni jambo la kudai. Kenya kuna vituo vya serikali vya tathmini ya elimu maalumu, maarufu kwa jina EARC. Tanzania anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Manjano ya wastani yanaweza kuleta usonji au utukutu wa darasani?

Tafiti hazikubaliani. Baadhi zimeona uhusiano mdogo, nyingine hazikuuona. Mzazi wa mtoto mwenye usonji aliyekuwa na manjano kidogo na akapona asijilaumu kwa hilo.

Picha ya MRI itaonyesha?

Inaweza. Viini vya ndani vya pande zote mbili huonekana vimebadilika rangi, na ni alama inayotambulika vizuri. Lakini picha safi haifuti dalili, na ni kipimo ghali. Historia ya siku za mwanzo, uchunguzi wa mwili na ABR vinaweza kutosha kuanza huduma. Tafuta kadi ya kliniki na karatasi ya ruhusa. Kiwango cha bilirubini kilichoandikwa pale kitamsaidia daktari miaka kumi baadaye.

Inatibika?

Seli zilizokufa hazirudi. Anayekuuzia sindano au mafuta ya kuzirudisha anakuibia. Kinachowezekana ni kingi hata hivyo: mazoezi ya viungo, kiti kinachomshika kiuno na shingo, kumlisha akiwa wima kwa chakula kizito kidogo ili asipaliwe, dawa za kulegeza misuli kama baklofeni kwa uangalizi wa daktari, na mbao za picha za mawasiliano. Huduma za viungo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo zipo hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, na Kenya kupitia kliniki za APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo. Nenda mapema. Lishe na kumeza vianze kabla ya kutembea. Watoto hawa hutumia nguvu nyingi kwa miondoko wasiyoitaka, na wengi hukonda kwa sababu hiyo tu.

## Hali zisizo za kawaida

Mwanangu ni njiti. Namba ni zile zile?

Ziko chini zaidi. Albumini yake ni kidogo na ubongo wake hauna kinga ya kutosha, kwa hiyo anaweza kuumia kwa kiwango ambacho kwa mtoto aliyetimiza miezi kingeonekana cha kawaida. Anayepigiwa hesabu ya mtoto wa wiki 39 huku ana wiki 33 amekosewa. Taja wiki zake kila unapobadilisha hospitali.

G6PD ni nini, na inahusianaje na hina na naftalini?

Ni kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu. Upungufu wake hurithiwa, huwapata zaidi watoto wa kiume, na umeenea kwetu pwani na kwingine ambako malaria imekuwepo kwa vizazi, na vilevile Oman na Ghuba. Kichanga mwenye upungufu huu anaweza kuwa sawa asubuhi na kesho yake akawa wa njano hadi nyayoni.

Vichochezi viwili viko ndani ya nyumba. Cha kwanza ni naftalini, vile vidonge vyeupe vya kabatini vya kufukuzia nondo na mende: nguo za mtoto zilizohifadhiwa navyo miezi yote ya ujauzito hubaki na mvuke wake. Usivitumie kabisa, kwani kufua peke yake hakutoshi kuviondolea hatari. Cha pili ni hina. Kumpaka kichanga mwili au nyayo ni desturi ya furaha Ghuba, na kwa watoto wenye upungufu huu imewahi kuvunja damu vibaya. Paka mama.

Kuna dawa za kuepuka?

Ndiyo. Seftriaksoni, antibiotiki inayotumika sana kwetu, huiondoa bilirubini kwenye albumini na kuiacha huru, kwa hiyo haitolewi kwa kichanga mwenye manjano. Zipo badala yake. Septrini nayo huepukwa wiki za mwanzo. Mkumbushe anayemtibu mtoto kwamba ana manjano, hasa kwenye duka la dawa.

Wiki 3 zimepita na bado ni njano.

Akinyonya vizuri, akiongezeka uzito, choo cha njano na mkojo mweupe, huenda ni manjano ya maziwa ya mama, ambayo huweza kuendelea hata miezi 2 au 3 bila kudhuru. Lakini yeyote aliyezidi wiki 2 (njiti wiki 3) apimwe aina ya bilirubini. Choo kikiwa cheupe kama chokaa na mkojo wa rangi nzito, shida iko kwenye mirija ya nyongo. Hiyo haiendi kwenye ubongo. Inaua ini, na upasuaji wake hufaa zaidi ukifanywa kabla ya siku 60.

Mtoto wa kwanza aliumia. Mimba inayofuata nifanyeje?

Jua kundi lako la damu na la baba. Kama wewe ni rhesus hasi, sindano ya anti-D kwenye wiki ya 28 na ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto mwenye rhesus chanya huzuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Inahusu pia mimba iliyoharibika. Kama mwili ulikwisha kuitengeneza, sindano haisaidii tena, na mimba ifuatiliwe na daktari bingwa. Kama wewe ni kundi O na mtoto A au B, hakuna sindano, kuna kuangalia tu.

Jifungulie palipo na taa na maabara ya bilirubini. Mwambie mkunga mapema, na iandikwe kwenye kadi: mtoto aliyetangulia alipata manjano makali. Omba mtoto apimwe kabla ya kuruhusiwa, usitoke kabla ya saa 24, na urudi naye akiwa na siku 2 au 3 hata akionekana mzima.